Anga Juu ya Kigingi cha Arobaini na Mbili

Buswelu, Mwanza
Jumanne, 4 Februari 2025

Baba Adoyo, shikamoo.

Naandika nikiwa chali kitandani kwa shangazi yangu Wilhelmina, mguu umefungwa hogo la plasta hadi pajani. Daktari anasema mfupa umekatika pawili na hogo halitoki kabla ya mwezi wa tano. Asante kwa kunibeba mgongoni kutoka msituni hadi gatini. Uzito wangu usiusimulie kijijini.

Sasa nina shida, na hapo kisiwani Nyarogo sina mtu mwingine wa kumwambia. Vile vigingi sitini tulivyochomeka pamoja mwaka juzi lazima vipimwe upya. Dhoruba ya Desemba imepita juu ya msitu, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kuona imefanya nini nilipoteleza kwenye ngazi niliyoiegemeza mtini. Kamati ya misitu inakaa mwezi wa nne. Itasoma ripoti yangu, halafu itaamua kuhusu msitu wenu.

Kazi unaijua. Simama kwenye kigingi, tazama juu kupitia lile bomba lenye nyuzi mbili zilizopishana. Nyuzi zikikutana juu ya jani, andika J. Zikikutana juu ya anga, andika A. Mara kumi kila kigingi. Ndivyo tunavyojua paa la msitu limefunga kiasi gani. Kabla ya dhoruba lilikuwa asilimia themanini na nne.

Kwa kuwa mnara wa simu nao ulianguka, karatasi mpe nahodha Nkwabi. Atazileta huku Mwanza, gati la Mwaloni, kila Jumanne na Ijumaa, na shangazi atazifuata.

Wako mtiifu,
Modesta Chenge


Nyarogo
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mwalimu Modesta,

Marahaba nyathina, mwanangu. Sisi wazima, ila kenge kachukua kuku wangu wawili na mmoja alikuwa anataga. Uzito wako sijausimulia. Waliuona wenyewe nilivyokuwa nahema.

Kazi nitaifanya. Nimeanza vigingi kumi vya upande wa ziwani, karatasi hizi hapa. Huko miti ni mifupi na upepo ulipita juu yake bila kuiuliza kitu. Ndani bado sijaingia.

Lakini kabla sijaingia nina swali, na nakuomba unijibu kama mtu mzima. Watu wanasema kamati inataka kujua kama msitu ni mgonjwa. Ukikutwa mgonjwa utafanywaje? Unakumbuka kile kisiwa cha pili, kilima cha Mwigombe. Walikuja wataalamu na makaratasi, wakatazama juu, wakasema msitu umechakaa. Mwaka haukuisha, ukafyekwa wote ikapandwa mikaratusi mistari kwa mistari kama mtama. Chemchemi yao ikakauka. Leo wanakunywa maji ya ziwa, na watoto wanakojoa damu kwa kichocho. Chemchemi yetu inatoka chini ya mizizi ya msitu huu. Hatuna nyingine.

Tena wewe unanijua. Nimeunda mitumbwi miaka thelathini, na mivule mingi inayokosekana humo ndani niliiangusha mimi. Nilipoacha shoka niliapa kwamba iliyobaki haitaanguka mbele ya macho yangu. Kwa hiyo niambie. Matundu ni mabaya kwetu, au siyo mabaya?

Mimi,
Okeyo Ojuok


Buswelu
Jumanne, 18 Februari 2025

Baba Adoyo, shikamoo.

Swali lako nimelisoma mara tatu, na jibu silitoi. Usikasirike. Katika kazi hii anayepima hatakiwi kujua anayeandika ripoti anatarajia nini. Akijua, jicho lake linaanza kumsaidia, hata awe mwaminifu namna gani. Mimi mwenyewe nisingejiamini. Andika unachokiona, basi.

Naomba uelewe jambo moja tu. Tundu kwenye paa la msitu si lazima liwe msiba. Unakumbuka ile miche myembamba ya mvule niliyokuonyesha, yenye majani manne matano? Ukaniuliza ni ya mwaka gani, nikakwambia inaweza kuwa na miaka kumi na mitano, inangoja gizani. Mti mkubwa ukianguka, jua linafika chini, na mche uliongoja unaondoka mbio kwenda juu. Msitu ndivyo unavyojizaa. Tundu likiwa kubwa mno, jua linakausha udongo, magugu na kamba za msituni zinazotambaa zinatangulia, na miche inakufa ikiwa imesimama. Ndiyo maana nataka kujua matundu ni mangapi na makubwa kiasi gani.

Pole kwa kuku. Ingia ndani polepole, kuna matawi yaliyokatika ambayo bado yananing'inia.

Modesta


Nyarogo
Jumanne, 11 Machi 2025

Mwalimu Modesta,

Kazi imekwisha. Karatasi zote ziko kwenye bahasha, vigingi sitini. Vingine rangi ilikuwa imefutika, nimevipaka upya.

Msitu ni mzima. Nakwambia ukweli, umefunga vizuri. Dhoruba ilitupigia kelele tu.

Samahani barua ni fupi. Mgongo unauma.

Okeyo Ojuok


Buswelu
Ijumaa, 14 Machi 2025

Baba Adoyo, shikamoo.

Nimejumlisha. Nikajumlisha tena, kisha nikampa shangazi ambaye hajui hata tunahesabu nini, naye akapata hiyo hiyo. Asilimia themanini na nane. Msitu umepigwa na dhoruba iliyoangusha mnara wa chuma, halafu umefunga kuliko ulivyokuwa kabla.

Sisemi haiwezekani. Huenda miti iliyobaki imechipua kwa nguvu mvua zilipokuja. Lakini tazama kigingi cha arobaini na mbili. Umeandika J mara kumi. Baba Adoyo, pale ndipo nilipoanguka. Nililala chali zaidi ya nusu saa kabla hujanipata, na sikuwa na kitu cha kutazama ila juu. Niliona anga. Niliona anga pana kama uwanja wa mpira, na mwewe akizunguka humo.

Labda maumivu yalinizidi. Labda nilianguka mbali kidogo na kigingi. Nakuuliza mara moja tu, kwa heshima: ulisimama pale? Ripoti natakiwa kuituma tarehe ishirini na nane, na msimamizi wangu chuoni ameshaniambia hataongeza hata siku moja.

Nijibu kwa mtumbwi unaofuata.

Modesta


Nyarogo
Ijumaa, 21 Machi 2025

Mwalimu Modesta,

Nilisimama kwenye kigingi cha arobaini na mbili, nikatazama juu, nikaona majani. Kuna mkuyu pale umetandaza matawi.

Umenifundisha mwenyewe kushika bomba. Kama mwanafunzi ni mbovu, mwalimu ajiulize. Mtu aliyevunjika mguu anaona mengi, mama mkwe wangu aliwahi kuvunjika kiuno akaona malaika wawili wanagombana.

Tuma ripoti yako. Usiogope.

Okeyo Ojuok


Buswelu
Ijumaa, 18 Aprili 2025

Baba Adoyo, shikamoo. Leo ni Ijumaa Kuu na mimi sina hata nguvu ya kwenda kanisani.

Kamati imekaa Jumatatu. Sasa imekwisha, naweza kukuambia nilichokuficha.

Kuna mfanyabiashara wa mbao aliyeomba kuvuna miti mikubwa ya Nyarogo. Mivule hasa. Kanuni yao ni kwamba msitu uliojeruhiwa, ambao paa lake limeshuka chini ya asilimia sitini, hauguswi kwa miaka kumi hadi upone. Hiyo mikaratusi ya Mwigombe ilikuwa mambo ya zamani, siku hizi hawafanyi hivyo. Baada ya dhoruba nilikuwa na uhakika kwamba tungekuta hamsini na kitu, na maombi yake yangetupwa. Nilikuwa natafuta matundu, Baba Adoyo. Kila usiku niliomba Mungu yawe mengi.

Wakasoma themanini na nane. Mwenyekiti akasema msitu uliofunga hivyo una afya ya kupita kiasi, kuufungua kidogo hakutauletea madhara, tena nimeandika mwenyewe kwamba miche inahitaji jua. Wakanukuu sentensi yangu. Wamempa miti mia na arobaini mwaka huu, na mia na arobaini nyingine Januari. Wataanza mwanzoni mwa Mei.

Naona aibu kukwambia hivi, maana ni kama nakulaumu kwa msitu wenu kuwa mzima. Ukweli ni ukweli. Umepima, umeandika, na mimi nilikuwa nataka kusikia kingine. Nisamehe. Sijui wanakijiji utawaambia nini.

Modesta


Nyarogo
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mwanangu Modesta,

Barua yako nilipewa na Nkwabi jana nikitoka ibadani, nikaisomea hapo hapo gatini. Nikakaa chini kwenye nyavu za watu. Waliniuliza nani kafa.

Nimekudanganya.

Ulipokataa kunijibu, nilijijibu mwenyewe. Nikasema huyu binti hataki kunitisha, msitu ukikutwa na matundu ni Mwigombe nyingine. Nikaingia ndani nikakuta mambo ya kutisha. Mahali pengine miti kumi imelala pamoja, mizizi juu. Basi kila nilipokuta kigingi kimebaki uchi chini ya anga, niliking'oa nikakichomeka chini ya mti wa karibu uliosimama, nikakipaka rangi, nikasimama hapo, nikatazama juu. Majani niliyoandika niliyaona kweli. Hiyo ndiyo hila niliyoifanyia roho yangu, ili niweze kusema nimeandika ninachokiona. Vigingi thelathini na moja. Cha arobaini na mbili nilikisogeza hatua hamsini na tatu.

Utanielewa ukijua kazi yangu ilivyokuwa. Mnunuzi haonyeshwi mtumbwi wenye ufa. Unaziba kwanza, unashindilia pamba na mafuta mpaka mbao zinyamaze, ndipo unamwita aje atazame. Sikuwahi kuona huo ni uongo. Niliona ni kumwekea msitu heshima mbele ya wageni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi maradhi niliyoyaficha hayakuwa hata yangu.

Tangu jana mchana sijala. Mashimo ya zamani ya vigingi bado yapo, nimevirudisha vyote thelathini na moja na kuvipima upya, jana na leo. Karatasi hizi ndizo za kweli. Nimejumlisha kwa akili yangu ya darasa la saba nikapata hamsini na moja.

Wapelekee. Waambie mzee mmoja mjinga wa Nyarogo ndiye mwenye kosa. Waambie wanifunge. Nakusihi, Modesta, kwa jina la mama aliyekuzaa, wasimamishe kabla hawajaanza.

Okeyo


Buswelu
Ijumaa, 25 Aprili 2025

Baba Adoyo,

Leo sikuamkii.

Nilizipeleka karatasi zako. Shangazi aliniingiza kwenye bajaji na mguu wangu ukitokeza nje, tukaenda ofisini kwao, nikawaambia ripoti yangu ni ya uongo na kwamba ya kweli ni hii. Wakaniuliza nani amepima ya kwanza. Nikasema Okeyo Ojuok. Nani amepima ya pili? Okeyo Ojuok. Wakatazamana. Mmoja alicheka kabisa. Akasema, "Binti, sasa tumwamini mzee yupi, wa Machi au wa Pasaka?"

Msimamizi wangu naye kasema karatasi za mtu aliyekiri kudanganya si ushahidi, hata zikiwa za kweli. Anataka apime mtu mwingine. Hakuna mtu mwingine kabla ya Juni. Nimepiga simu hadi kwa watu niliosoma nao sekondari.

Nimelia siku mbili. Nakuchukia, halafu nakumbuka jambo ambalo sijalisema kwa mtu. Anga ile niliiona. Sikuwa na homa, sikuona malaika. Nilijua kigingi cha arobaini na mbili hakiwezi kuwa na J kumi, na bado nikatuma ripoti, kwa sababu tarehe ilikuwa imefika na wewe ulisema usiogope. Ningeweza kuandika mstari mmoja tu wa mashaka. Sikuandika.

Na ningeweza kukujibu swali lako la Februari. Uliniuliza kama mtu mzima, nikakufundisha kanuni.

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Piteni nyumba kwa nyumba. Fanyeni chochote mnachoweza, mimi sina kitu tena mkononi.

Modesta


Nyarogo
Jumanne, 13 Mei 2025

Mwanangu,

Walikuja mapema, tarehe ishirini na nane Aprili. Barua yako ilifika baada yao kwa siku moja.

Anayewaongoza ni Malimi, niliyemfundisha ufundi tangu hajaota ndevu. Alinipa shikamoo akiwa na msumeno wa chensoo begani. Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, ni kijana mwenye adabu, kisha akatoa nakala ya ripoti yako mfukoni. Umeandika humo, "Vipimo vimechukuliwa na Ndugu Okeyo Ojuok, mwenyeji mwenye ujuzi mkubwa wa msitu." Akasema, "Fundi, si jina lako hili?" Alisoma kwa sauti, watu wote wamesimama. Wamama waliokuja na ndoo walisikia.

Nikaenda kukaa shinani mwa mvule ulio karibu na kigingi cha ishirini. Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu walinibeba wanne, taratibu, kama wanaobeba jeneza, wakaniweka njiani wakanipa na maji.

Siku tisa, Modesta. Mia na arobaini ilikwisha kwa siku tisa. Lakini kibali kilihesabu mashina tu, hakikuhesabu kamba. Kule juu vichwa vya miti vimefungwa pamoja na kamba za msituni zenye unene wa mkono. Mvule ukienda chini unawavuta majirani zake watatu, wanne. Ulinieleza hilo mwaka juzi nikalisahau, na wao hawakuuliza. Katikati sasa kuna uwazi ambao nikisimama upande huu naliona ziwa upande wa pili. Miche yako ya miaka kumi na mitano imelala chini ya matawi, na iliyosimama majani yamekauka kwa jua.

Chemchemi bado inatoka, ila mvua ya juzi imeiletea tope. Wamama wanachuja kwa kanga. Hawanitukani. Wananisalimu wakitazama chini, na afadhali wangenitukana.

Sijui nikuombe nini. Msamaha ni neno dogo mno, naona hata aibu kuliandika. Bomba lako liko hapa, nimelifunga kwenye shuka safi. Mpe Nkwabi maneno, nitampa alilete.

Okeyo


Buswelu
Jumanne, 20 Mei 2025

Baba Adoyo, shikamoo.

Bomba usilitume. Hogo limetolewa wiki iliyopita. Mguu umekuwa mwembamba kama mpini wa jembe, natembea kwa magongo mawili, na daktari amesema nisipande chombo cha majini hadi Julai. Nakuja Ijumaa.

Chuo kimenisimamisha mwaka mmoja kwa ripoti ya uongo. Sikubisha. Kamati imekataa kugusa yaliyopita, lakini kuhusu ile mia na arobaini ya Januari wameandika, kwa mhuri, kwamba watapokea vipimo vipya nikivichukua kwa jicho langu mwenyewe, mbele ya mtu wao. Huyo mtu anakuja nami. Ni wao pia waliosema kwamba wewe hutagusa bomba wala karatasi. Nami nimeweka sahihi.

Safari hii nitakuambia mapema ninachokitafuta, wewe na kijiji kizima, hata kama wenzangu watasema sivyo kazi inavyofanywa. Natafuta kila tundu, na ukubwa wake, na kila mche ulio hai ndani yake. Mimi nilikuficha swali, wewe ukanificha jibu, na mivule imelala. Mtu yeyote mwenye neno la kuniambia kabla sijaanza kupima, aje aniambie.

Sijakusamehe. Nimejaribu mara nyingi, kanisani na hata hapa kitandani, na nguvu ya kusamehe haijaja. Sitaki kukudanganya kwamba imekuja, tumeshadanganyana vya kutosha. Sijui kama itakuja.

Lakini kutoka gatini hadi kigingi cha kwanza ni mlima mtupu, na huu mguu hauwezi. Vigingi ni sitini, nami nitahitaji bega la mtu kwenye kila kimoja. Sina wa kumwomba ila wewe. Mtumbwi wa Nkwabi unafika saa nne asubuhi. Uwe umeshafika.

Modesta